Modeli ya njia ya mduara ya metro: shajara ya mradi, Mbeya 2024

Shajara hii inaandikwa na mlezi wa klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari jijini Mbeya, kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule nyingine watakaopenda kuifanya kazi hii upya. Tunajenga modeli inayotembea ya njia ya mduara ya metro, yaani reli ya mjini inayozunguka kitovu cha jiji na kurudi ilipoanzia, ili wanafunzi waone kwa macho yao kwa nini miji mikubwa huijenga na kwa nini huendelea kuhangaika nayo hata baada ya kuijenga. Hatua zilizokwenda vizuri nimezifupisha. Zilizotukwamisha nimezieleza kwa urefu, kwa sababu hizo ndizo zitakazomgharimu atakayeiga.

20 Januari 2024: Kuchagua njia ya kuiga

Wanafunzi wetu wanaijua vizuri njia iliyonyooka. Usafiri wa Mbeya umefuata barabara kuu iendayo Zambia, na abiria anayetoka Uyole kwenda Mbalizi hupita Kabwe na Mafiati, atake asitake. Kwa hiyo swali la kwanza lililoulizwa klabuni lilikuwa la haki kabisa: treni inayorudi ilipotoka inamsaidia nani?

Jibu tulilipata kwenye ramani ya Moscow. Njia za metro za jiji hilo zinatoka katikati na kusambaa pande zote, hivyo bila mduara, mtu wa pembe moja ya jiji anayekwenda pembe ya jirani angelazimika kwanza kuingia katikati na kuongeza msongamano asiouhitaji. Njia ya mduara ya huko, iitwayo Koltsevaya, inazikata njia hizo zote nje ya kitovu na inagusa vituo vikuu saba vya reli za masafa marefu. Ilifunguliwa kwa vipande: cha kwanza tarehe 1 Januari 1950, cha pili Januari 1952, na mduara ukafungwa Machi 1954. Ina vituo 12 na urefu wa kilomita zipatazo 19.

London ilichukua muda mrefu zaidi. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi ilianza kazi huko Januari 1863, lakini mduara haukukamilika mpaka Oktoba 1884, kwa sababu kazi ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili zilizokuwa na uhasama, Metropolitan na District, na kipande cha mwisho kilipita chini ya mitaa ya gharama kubwa ambayo hakuna aliyetaka kuilipia. Glasgow ilikwenda kinyume: mduara wake wote ulifunguliwa Desemba 1896 ukiwa na vituo 15, na tangu siku hiyo njia hiyo haijarefushwa hata kidogo.

Tumeamua kuiga mpango wa Moscow, kwa sababu vituo 12 vinaugawa mduara kwa nyuzi 30 kila kimoja na njia mbili za reli zimekaa sambamba, moja kwa kila upande wa mwendo. Uendeshaji tutaujaribu kwa kufuata London, mahali ambapo mduara ulitesa watu kwa zaidi ya karne. Hatuigi umbo halisi la njia yoyote. Tunachora duara kamili.

17 Februari 2024: Meza na duara

Tumenunua plaiwudi mbili za futi nane kwa nne kwa shilingi 62,000 kila moja, na mbao za fremu kwa shilingi 38,000. Zikilazwa ubavu kwa ubavu zinatoa meza ya mraba yenye upande wa mita 2.44. Njia ya nje ina nusu kipenyo cha mita 1.1, ya ndani mita 1.0, na upana kati ya reli mbili za njia moja ni milimita 32. Mzingo wa nje ni mita 6.9, hivyo kutoka kituo hadi kituo kuna sentimita 57 na nusu.

Kwa reli tulianza na spoku za baiskeli, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na ni imara. Zilitugharimu shilingi 12,000 na hazikufaa. Spoku ni fupi, hivyo kila baada ya sentimita 28 kulikuwa na kiungo, na kila kiungo kilikuwa kona ndogo badala ya mkunjo. Behewa la majaribio liliruka nje karibu kila mzunguko. Tulihamia kwenye fimbo za shaba za urefu wa mita moja zinazotumiwa na mafundi wa kuchomelea mabomba ya friji, shilingi 1,800 kila fimbo. Hizi zinakunjika vizuri zikizungushiwa kwenye ukingo wa pipa, na risasi ya kuchomelea inashika bila taabu.

13 Aprili 2024: Duara halifungi

Hapa ndipo tulipokutana na tabia ya mduara kwa mara ya kwanza. Kundi lililopanga vituo lilipima kwa futi kamba kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili, kisha kutoka cha pili hadi cha tatu, na kuendelea hivyo. Kila kipimo kilikuwa na upungufu wa milimita tatu hivi, kiasi ambacho kwa njia iliyonyooka hakuna ambaye angekigundua, kwa maana kituo cha mwisho kingekaa mahali palipotokea na kazi ingeisha. Kwenye duara, kituo cha mwisho lazima kikutane na cha kwanza. Tulipofika mwisho tulikuwa na ziada ya takriban sentimita tatu na nusu kati ya kituo cha 12 na cha kwanza, na reli zilizokuwa zimekwisha kukatwa hazikufika.

Wapima ardhi wanalijua jambo hili na wanalitumia. Wakizunguka eneo na kurudi kwenye nguzo waliyoanzia, tofauti wanayoikuta ndiyo inayowaonyesha ukubwa wa kosa lao lote, na wanaigawa kwenye vipimo vyote kabla ya kuchora ramani. Sisi hatukugawa, tulibadilisha njia ya kupima. Tulipigilia msumari katikati ya meza, tukafunga ubao mwembamba wenye tundu kwenye mita 1.1, na kila kituo tukakipata kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mstari mmoja wa mwanzo. Kosa la kituo kimoja sasa linabaki kwenye kituo hicho na halimrithishi jirani yake. Anayeiga aanze hivi tangu siku ya kwanza.

Jambo la pili lilihusu idadi ya fimbo. Tulinunua idadi sawa kwa reli ya nje na ya ndani ya njia moja, na ya nje ikapungukiwa na sentimita 20. Wanafunzi walipokokotoa waligundua kitu ambacho nakihesabu kuwa miongoni mwa mambo mazuri zaidi ya mradi huu: katika mzunguko mmoja kamili, reli ya nje huizidi ya ndani kwa 2π mara upana wa njia, na ukubwa wa duara hauingii kabisa kwenye hesabu hiyo. Kwetu ni 6.28 mara milimita 32, sawa na sentimita 20. Kwa Moscow, ambako upana wa njia ni milimita 1,520, ni karibu mita tisa na nusu, na ingekuwa hivyo hivyo hata kama mduara ungezunguka nchi nzima.

La tatu lilikuwa mvua. Mwezi wa Machi unyevu ulizinyanyua kingo za plaiwudi pale zinapokutana, na reli ikapanda juu mithili ya tuta. Tulizikausha, tukazipaka vanishi juu na chini (shilingi 14,000), na tukaziunganisha kwa bolti kwenye fremu badala ya misumari.

Hata baada ya hapo reli ziliendelea kupinda mchana na kunyooka asubuhi. Tulimwita mzee mmoja mstaafu wa reli anayeishi jirani na shule, ambaye wanafunzi wote wanamwita Babu. Alipapasa reli kwa kidole mzunguko mzima, akasimama kwenye kiungo kimoja na kusema: "Wajukuu zangu, mmezibana. Reli isiyopewa nafasi huitafuta yenyewe." Shaba hurefuka kwa sehemu zipatazo 17 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Darasa letu lenye bati juu huanza asubuhi na baridi ya Mbeya na kufikia joto la nyuzi 20 zaidi saa nane mchana, kwa hiyo mita 6.9 za reli zinaongezeka milimita 2.3, na duara lililopigiliwa misumari halina mwisho wa kusukumia ziada hiyo. Tuliacha pengo la nusu milimita katika kila kiungo, na viungo vipo saba. Upindaji umekwisha.

25 Mei 2024: Umeme unaishia njiani

Dawa ya mwezi uliopita ilizaa ugonjwa mwingine. Treni zetu zinapata umeme kutoka kwenye reli zenyewe, reli moja chanya na nyingine hasi, kutoka kwenye betri ya volti 12. Mota tumezinunua kwa fundi wa redio Mwanjelwa, zimetolewa kwenye mashine mbovu, shilingi 3,000 kila moja. Tulichukua sita: tatu za kazi na tatu za akiba. Magurudumu 36 tulichongesha kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, ya alumini, shilingi 1,250 kila moja. Tuna treni tatu zenye mabehewa matatu kila moja, na treni nzima ina urefu wa sentimita 28.

Treni iliondoka kituo cha kwanza kwa kasi, ikapungua taratibu, na ilipofika kituo cha saba ilikuwa inatambaa. Kisha ikaanza kupata nguvu tena kadiri ilivyokaribia nyumbani. Kwa mita ya volti tulikuta volti 12 mahali waya unapoingia na chini ya volti 9 upande wa pili wa duara. Mduara unaolishwa mahali pamoja hupokea umeme kutoka pande mbili, kwa hiyo penye udhaifu ni pale palipo mbali kuliko pote kwa pande zote mbili, yaani mkabala na mahali waya unapoingia. Shaba yenyewe haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa kwenye viungo tulivyovipa pengo, ambako mguso ulikuwa wa kubahatisha.

Tulichomelea kipande cha waya laini uliolegea juu ya kila kiungo, ili chuma kipate nafasi ya kurefuka na umeme upite bila kuruka pengo, kisha tukaingiza umeme mahali pane badala ya pamoja. Metro za kweli hufanya vyote viwili: huunganisha reli kwa nyaya kwenye viungo, na huweka vituo vidogo vya kupozea umeme kila baada ya umbali fulani. Nyaya, risasi na swichi zimegharimu shilingi 32,500.

Nililazimika kusimamisha kazi kidogo hapa na kuwaeleza wanafunzi namna London ilivyoingia kwenye umeme, kwa sababu wengi walidhani metro ilizaliwa nao. Kwa zaidi ya miaka 40 treni kwenye reli zilizokuja kuwa mduara wa London zilivutwa na injini za mvuke ndani ya mahandaki, na moshi ulitoka kwenye mianya iliyoachwa kati ya nyumba. Kampuni zote mbili zilikubaliana kuwa moshi uondoke, lakini zilitofautiana juu ya aina ya umeme: Metropolitan ilipendelea mfumo wa Ganz kutoka Hungaria wenye mikondo mitatu ya umeme geu (unaobadili mwelekeo kila mara), na District ilitaka umeme mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu). Kwa njia mbili zilizo mbali, kila moja ingekwenda na lake. Kwa kuwa treni za kila kampuni zilizunguka juu ya reli za mwenzake, ilibidi mwamuzi aitwe, akachagua umeme mnyoofu, na mwaka 1905 treni za umeme zikaanza kuzunguka.

20 Julai 2024: Magurudumu yanalika upande mmoja

Likizo ya Juni imepita na baridi bado ni kali. Treni zilifanya kazi muhula mzima bila tatizo kubwa, ila vumbi jeusi lilikusanyika kando ya reli ya nje na mabehewa yakaanza kuyumba. Tulipoyageuza chali, jambo lilionekana bila hata kuwa na kipimo: magurudumu ya kushoto yalikuwa na ukingo uliolika mpaka ukawa kama kisu, huku ya kulia yaking'aa karibu kama siku yalipotoka kwa fundi. Treni yetu ya njia ya nje inafuata mwendo wa saa. Kona zote anazokutana nazo dereva wa treni hiyo ni za kulia, siku zote, na ukingo wa gurudumu la kushoto ndio unaoisukuma reli ya nje ili treni igeuke. Tena zile sentimita 20 za tofauti zinalipwa kwa kuteleza, kwa sababu magurudumu yetu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja na yana uso bapa. Gurudumu la treni halisi lina uso ulioinama kidogo mithili ya pia, ili likisogea nje lizunguke kwa kipenyo kikubwa zaidi. Fundi wetu hakulichonga hivyo, na hatukumwomba.

Pendekezo la kwanza la wanafunzi lilikuwa la kuvutia. Walisema treni ihamishiwe kwenye njia ya ndani, ambako mwendo ni kinyume cha saa na kona zote ni za kushoto. Hatuna njia ya kuvukia, hivyo tuliinyanyua kwa mikono, jambo ambalo si geni: mjini Glasgow, mpaka ukarabati mkubwa wa miaka ya 1977 hadi 1980, reli hazikuwa na muunganiko na karakana ya Govan, na mabehewa yalinyanyuliwa kwa kreni kutoka handakini. Tuliiweka treni kwenye njia ya ndani na kuiacha izunguke kwa majuma kadhaa.

Magurudumu yaleyale yakaendelea kulika. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyeona sababu, akabandika karatasi nyekundu ubavuni mwa behewa. Treni ya metro haina kichwa wala mkia. Ina chumba cha dereva kila upande. Ukiihamisha kutoka njia moja kwenda ya pili bila kuigeuza, inachobadilisha ni upande inakokwenda tu. Karatasi nyekundu ilikuwa inatazama nje ya duara mwanzo, na bado ilikuwa inatazama nje. Ili ubavu mwingine utazame nje, treni yenyewe lazima igeuzwe.

Mahali pa kugeuzia ni pembetatu ya reli: treni inaingia kwa mguu mmoja, inafika mkiani (kipande cha reli kinachoishia hapo miguu miwili inapokutana), na inarudi nyuma kwa mguu wa pili. London ina pembetatu ya aina hiyo karibu na kituo cha Aldgate. Tumeamua kujenga ya kwetu nje ya kituo cha tano. Magurudumu 18 yaliyolika tumeyachongesha upya kwa shilingi 22,500, safari hii yenye uso ulioinama.

14 Septemba 2024: Pembetatu na shoti

Pembetatu ilikamilika mapema, treni ikaingia, fyuzi ikakatika. Tuliweka fyuzi nyingine, nayo ikakatika kabla treni haijasogea. Anayeiga asome sehemu hii kwa makini, maana hakuna ubunifu wa kuikwepa, ni jiometri.

Fuata reli chanya kwa kidole kutoka kwenye duara, uingie mguu wa kwanza wa pembetatu hadi mkiani, kisha urudi kwa mguu wa pili mpaka kwenye duara. Utajikuta umefika kwenye reli hasi. Njia yoyote ya reli mbili inayoweza kuigeuza treni huigeuza pia mpangilio wa umeme, na chanya na hasi zinakutana hata kama hakuna treni juu yake.

Suluhisho ni kuutenga mkia. Tulikata reli zote mbili kwenye kila mguu kabla ya makutano ya mkia, tukaulisha mkia kwa waya wake wenyewe kupitia swichi ya miguu sita inayobadilishana chanya na hasi. Treni inaingia mkiani swichi ikiwa upande wa mguu wa kwanza, inasimama, swichi inageuzwa, na kwa kugeuzwa huko mota inarudi nyuma yenyewe na kutoka kwa mguu wa pili ikikuta umeme unaolingana. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kitu kingine. Swichi ileile inayozuia shoti ndiyo inayoirudisha treni.

Shoti hata hivyo ilijirudia, mara nyingine tu, na ilituchukua muda kuona kuwa ilitokea pale treni ya mabehewa matatu ilipotumika na haikutokea kwa behewa moja. Mkia wetu ulikuwa na sentimita 25 na treni ina 28. Behewa la nyuma lilibaki limesimama juu ya pengo, gurudumu lake moja kwenye umeme wa duara na jingine kwenye umeme wa mkia, na swichi ilipogeuzwa behewa hilo likawa daraja kati ya chanya na hasi. Mkia lazima uimeze treni nzima. Tumeurefusha hadi sentimita 40, na kwa kuwa meza haikutosha, umetoka nje ya ukingo juu ya ubao ulioshikiliwa na vyuma viwili, shilingi 6,000. Walioijenga metro wanakutana na jambo hilo hilo kwa ukubwa wake: mahali pa kugeuzia panadai ardhi yenye urefu wa treni nzima na zaidi, na katikati ya jiji ardhi hiyo haipo.

12 Oktoba 2024: Kuchelewa kusikokwisha

Sasa tunaendesha huduma. Treni tatu ziko kwenye njia ya nje, zimeachana vituo vinne, na kila moja ina swichi ndogo juu ya paa. Abiria ni maharage. Kila kituo kina mwanafunzi anayeweka punje moja kila baada ya sekunde kumi, na treni inapofika anazipakia moja moja, sekunde moja kwa punje, kabla ya kuiwasha treni iendelee. Visanduku vinabadilishwa kituo cha kwanza. Kushuka kwa abiria hatukukuiga.

Mwanzoni kila treni ilikuta punje mbili au tatu, na mzunguko ulikwenda kwa utulivu unaopendeza kutazama. Kisha tuliizuia treni moja kituo cha tatu kwa sekunde 20 tu. Ilipofika kituo cha nne ilikuta punje tano, ikachelewa zaidi kuzipakia, na kituo cha tano ikakuta nyingi zaidi. Iliyokuwa nyuma yake ilikuta vituo vimefagiliwa, haikusimama karibu kabisa, na ikaifikia. Wanafunzi walilitambua jambo hilo bila maelezo, kwa sababu ndiyo habari ya daladala za Uyole kila asubuhi: ya mbele imejaa mpaka mlangoni, na ya nyuma yake inakuja tupu.

Ila daladala ina kituo cha mwisho. Ikifika, inageuza, konda anangoja zamu, na ratiba inajirekebisha hapo. Treni ya mduara haina pa kupumzikia. Kucheleweshwa kwa sekunde 20 kulifika kituo cha 12, kukapita cha kwanza, na kukaingia mzunguko wa pili kukiwa kumekua. Nimeona watu wakiueleza ugumu wa njia hizi kwa uchimbaji na fedha tu, na kweli fedha ni nyingi na uchimbaji ni hatari. Kwa maoni yangu, baada ya kazi za mwaka huu, ugumu ulio wa mduara peke yake ni huu: hauna mwisho, kwa hiyo kila kosa hurudi lilipoanzia na kuanza upya, liwe la futi kamba, la umeme, la magurudumu au la saa.

Tulijaribu dawa kadhaa. Kuiongezea kasi treni iliyochelewa hakukusaidia kitu, kwa sababu muda wake ulikuwa unaliwa kwenye majukwaa, si njiani. Kuzizuia zilizo nyuma kulirudisha nafasi kati ya treni na treni, lakini mzunguko mzima ulikuwa wa taratibu na abiria wote walilipa kwa ajili ya treni moja. Dawa ya tatu ilikuwa kuipa kila treni sekunde za akiba kituo cha kwanza: iliyowahi inangoja, iliyochelewa inapita moja kwa moja. Hii ilifanya kazi mpaka ucheleweshaji ulipozidi akiba, na abiria anayekipita kituo cha kwanza, hata siku ambayo kila kitu ni shwari, anakaa ndani ya treni iliyosimama bila sababu anayoiona.

Dawa ya nne ni ya London. Tarehe 13 Desemba 2009 mduara wa Circle ulikatwa. Tangu siku hiyo treni inaanzia Hammersmith, magharibi, inafika Edgware Road, inazunguka mduara wote na kurudi Edgware Road, ambako inaishia, kisha inarudi ilikotoka kwa njia ileile. Mzingo umekuwa mzingo wenye mkia. Tuliuiga kwa kuutumia mkia wa pembetatu kuwa kituo cha mwanzo na kituo cha tano kuwa mwisho, tukabaki na treni mbili. Ucheleweshaji wa sekunde 20 ulikwisha ndani ya safari moja, kwa sababu treni ilipofika mwisho ilikuwa na muda wa kungoja bila abiria ndani yake. Gharama yake pia ilionekana mara moja: punje inayotoka kituo cha nne kwenda cha sita sasa inabadilisha treni njiani, mahali ambapo zamani ingepita ikiwa imekaa.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini basi Moscow haikukata. Jibu ninaloamini kuwa ndilo zito zaidi ni kwamba Koltsevaya ina reli zake peke yake. Circle ya London inatumia reli pamoja na District, Metropolitan, na Hammersmith & City karibu mzunguko mzima, hivyo treni iliyokwama mbali mashariki kwenye District inaingiza kuchelewa kwake ndani ya mduara. Mduara usiogawana reli na mtu una makosa yake tu ya kushughulikia. Moscow imeuamini mduara kiasi cha kujenga wa pili, Bolshaya Koltsevaya, uliokamilika Machi 2023 ukiwa na vituo 31 na urefu wa kilomita zipatazo 70. Copenhagen nayo ilifungua wake Septemba 2019, vituo 17 vinavyozungukwa kwa dakika 24 na treni zisizo na dereva, ambako kompyuta inapanga nafasi kati ya treni na treni kila sekunde. Kazi hiyo ndiyo iliyotushinda kuifanya kwa mikono na swichi za juu ya paa.

23 Novemba 2024: Hesabu na hali ya sasa

Kidato cha nne wamo kwenye mitihani, hivyo kazi imebaki kwa kidato cha pili na cha tatu. Fedha zote zilizotumika mpaka leo ni shilingi 373,200, pamoja na shilingi 61,200 za fimbo 34 za shaba na zile 12,000 za spoku ambazo hazikufaa. Betri tumeazimwa. Shule itakayoanza na fimbo za shaba, ikapima kwa pembe kutoka katikati, na kuchongesha magurudumu yenye uso ulioinama tangu mwanzo, itaokoa si chini ya shilingi 34,500.

Magurudumu mapya yamezunguka tangu Agosti, treni zikigeuzwa kwenye pembetatu kila Jumamosi, na kingo za pande zote mbili zinaonekana kulika kwa usawa. Vumbi jeusi limepungua ingawa halijaisha. Tunalifuta kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila kazi, la sivyo treni inashtukashtuka kwenye vituo vya nane na tisa.

Muhula wa Januari tutaongeza njia ya pili itakayotumia reli zilezile za mduara kati ya kituo cha tisa na cha 12, ili tupime kuchelewa kunakoingia kutoka nje kama kule London. Makutano yake yamekwisha kuchorwa mezani kwa penseli, na fimbo nne zilizobaki zinatosha mguu wa kwanza.